Mnyanyua Vyuma Hana Mbalamwezi

Mwezi ukikaribia kujaa, mwalo wa Mwigobero mjini Musoma, mkoani Mara, hubadili mwendo. Mitumbwi ya dagaa, ambayo siku za giza ilikuwa ikitoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri, sasa imevutwa nchi kavu. Nyavu zimetandazwa, mmoja anashona tundu, mwingine anatia kalafati kwenye ufa wa ubao. Taa hazina kazi. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa mwezi mpevu hutanda ziwa zima, hivyo taa ya mvuvi hukosa cha kuvuta. Basi kwa wiki moja, pengine zaidi, wavuvi hulala usiku sawa na watu wengine wa mji. Hakuna aliyewaamuru. Anga imeamua, samaki wametii, na mikono iliyovuta nyavu usiku baada ya usiku imepata nafasi ya kunyoosha vidole.

Jioni hiyohiyo, katika mji huohuo, wapo watu wengine wa nguvu ambao hawajui kama mwezi umejaa au umeandama. Wako jimu. Jimu za Kanda ya Ziwa ni za kila namna: zipo zenye vioo ukutani na mashine zilizovuka bahari, na zipo za uani, chini ya bati, ambako vyuma ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Zote hutoa watu wa miraba minne. Anayehusika hapa si kijana aliyeanza tizi mwezi uliopita kwa ajili ya picha. Ni yule mzoefu, aliyenyanyua vyuma miaka minane au kumi, anayeijua sauti ya goti lake kabla halijauma, ambaye wenzake humwita kocha ingawa hana cheti. Huyo ndiye mwenye swali gumu kuliko wote: afanye kiasi gani, na apumzike kiasi gani? Kwake kila jioni ni jioni ya giza, nzuri kwa kazi. Ziwa lake halifungwi.

Anayeanza hulindwa na unyonge wake mwenyewe. Chuma anachokiweza ni chepesi, hivyo hata akikosea hesabu, mwili humsamehe. Tena hupata upesi: wiki za kwanza nguvu inapanda karibu kila kikao, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiita misuli iliyokuwa imelala, hata kabla misuli yenyewe haijanenepa. Miaka inavyokwenda, mlango huo hujifunga taratibu. Mzoefu hutumia miezi kuongeza kilo tano kwenye chuma anachochuchumaa nacho, na kilo hizo tano hukaa juu ya nyingine 140 ambazo tayari zinabana uti wa mgongo. Faida imepungua, uwezo wa kujiumiza umeongezeka. Na kwa kuwa anakumbuka jinsi jitihada ilivyomlipa zamani, anapokwama jambo la kwanza linalomjia ni kuongeza: seti ya sita, kikao cha pili, siku ya saba.

Ndani ya mwili wake kuna saa kadhaa, na hazisomi wakati mmoja. Baada ya kikao kizito, kazi ya msuli ya kujitengenezea protini hupanda, na kwa aliyezoea mazoezi kupanda huko hudumu muda mfupi kuliko kwa mgeni. Ndani ya siku moja hivi huwa kumeshashuka. Kwa saa hiyo, mzoefu ana haki ya kurudi mapema. Lakini kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, zina saa nyingine kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichunguza kano ya kisigino kwa kutumia alama ya kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kwamba kiini cha kano hiyo karibu hakijengwi upya baada ya mtu kufikia utu uzima; aliyo nayo akiwa na miaka 17 ndiyo atakayozeeka nayo. Mnyanyua vyuma wa Musoma mwenye miaka 38 anasimama juu ya kamba alizosukiwa alipokuwa mwanafunzi. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, nao hawakuwa na mashine ya kupima kaboni.

Ajabu moja ya historia ya mazoezi haya ni kwamba mtu aliyeyapa msingi wa kitabibu alianza kwa kuzidisha, kisha akapunguza. Thomas DeLorme alikuwa daktari wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, hospitali zikiwa zimejaa askari wenye magoti yaliyovunjika na mapaja yaliyonyauka. Badala ya kuwachezesha miguu kwa uzito mdogo kama ilivyokuwa desturi, aliwapa vyuma vizito, akaongeza uzito kadiri walivyopata nafuu. Katika andiko lake la mwaka 1945 alipendekeza seti saba hadi kumi za marudio kumi, yaani marudio 70 mpaka 100 katika kikao. Walipona. Miaka mitatu baadaye, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, aliandika upya: marudio hayo yalikuwa mengi mno, na 20 hadi 30 yalitosha vizuri zaidi kwa walio wengi. Seti tatu za kumi, ambazo leo kila kijana wa jimu huzirithi bila kuuliza zimetoka wapi, ni masalia ya daktari huyo aliyekubali kupunguza baada ya kutazama wagonjwa wake. Uzito haukupungua. Kilichopungua ni wingi.

Haki itendeke upande wa pili pia. Wingi wa kazi una faida yake, na anayehubiri pumziko pekee anawapotosha watu. Mwaka 2017 Brad Schoenfeld na wenzake wawili walikusanya tafiti zilizokuwapo wakaona kwamba, kwa kukuza misuli, seti kumi au zaidi kwa wiki kwa kila kundi la misuli zilizaa kuliko seti chini ya tano. Mtu aliyekwama kwa sababu anafanya kidogo yupo, na dawa yake ni kufanya zaidi. Ila upimaji huo unahusu unene wa msuli. Nguvu yenyewe, ule uwezo wa kunyanyua chuma kizito mara moja na kukirudisha salama, hairidhiki kwa wingi kwa kiwango hichohicho. Inataka uzito mkubwa, ufundi, na mwili uliofika kikaoni ukiwa mzima. Kuna mahali ambapo seti inayofuata haileti tena kitu isipokuwa uchovu, na mahali hapo hapafanani kwa mtu na mtu, wala kwa mtu mmoja mwezi huu na mwezi ujao.

Ndiyo maana kunakili ratiba ya mwingine kuna hatari. Simu ya mkononi imeleta jimu zote za dunia kiganjani mwa kijana wa Bunda, mji mwingine wa Mara, pamoja na ratiba za mabingwa. Mfano unaopendwa ni wa Bulgaria. Kocha Ivan Abadjiev aliwafanya wanyanyuaji wa nchi hiyo ndogo kufikia uzito wao wa juu karibu kila siku, mara kadhaa kwa siku, na katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 wakaondoka na dhahabu tatu. Anayesoma habari hiyo huona siri: kumbe pumziko ni la wanyonge! Haambiwi habari ya wale waliovunjika njiani wakarudi makwao bila jina. Wala hakumbushwi Seoul, mwaka 1988, ambako Wabulgaria wawili walinyang'anywa medali zao za dhahabu baada ya vipimo vya dawa na timu nzima ikajiondoa mashindanoni. Baadhi ya dawa wanazotumia wanamichezo kinyume cha kanuni husaidia pia kuharakisha kupona. Kwa hiyo anayebeba ratiba ya mtu wa dawa akiwa hana dawa, anabeba mzigo wa miguu minne kwa miguu miwili.

Tanzania ina sababu zake za kuona pumziko kwa jicho la shaka. Taifa lilipopata uhuru lilijengwa juu ya neno kazi, na mvivu aliimbwa, akachorwa, akakemewa majukwaani. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, linazungumzia masharti ya maendeleo na kuweka juhudi mbele. Lakini halikuishia hapo. Mwandishi wake, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliweka pembeni ya juhudi sharti la pili, maarifa, akaeleza kwamba jembe lifaalo, ng'ombe wa kulima, mbolea na kupanda kwa wakati huzaa kuliko jasho tupu. Yote mawili yakiachana, moja hupotea. Wanaokumbuka Azimio hukumbuka zaidi sharti la kwanza. Hata jimu ni hivyo: ukutani huandikwa maneno ya kuhimiza jitihada, na ni nadra kuona ukuta unaomwambia mtu aende nyumbani akalale.

Katika Azimio hilohilo kuna aya ambayo ingefaa isomwe na kila anayepanga mazoezi. Inasema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko wote nchini, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Zaidi ya nusu karne imepita na mengi yamebadilika, lakini hesabu ile ya mzigo bado haijafungwa. Mwanamke wa Bunda anayeingia jimu saa kumi na moja jioni ameshachota maji, amepika, amefua, amesimama sokoni, amebeba mtoto mgongoni. Akipewa ratiba ileile ya mwanamume aliyekaa kijiweni tangu mchana, kisha akachoka, ataambiwa hana moyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwili wake haukutenganisha ndoo na chuma. Vyote viliandikwa kwenye daftari moja.

Hapa ndipo Mara inapomfundisha mtu jambo ambalo vitabu vingi vya mazoezi, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa ofisini, hulipita haraka. Vitabu hivyo hudhani kwamba siku ya mapumziko ni siku ya kiti. Kwa wengi wa mkoa huu, siku isiyo ya jimu ni ya kazi nyingine. Wapo wanaopasua kokoto kutoka majabali yanayoizunguka Musoma, wakiinua nyundo kuliko chuma chochote cha benchi. Wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, wanaopandisha mawe kutoka mashimoni. Wapo makuli wa mwaloni, na bodaboda wanaokaa juu ya pikipiki tangu alfajiri, viuno vikipigwa na mashimo ya barabara. Bunda ina pamba yake: kupalilia kunakofuata mvua za vuli, kuchuma, kushindilia magunia, kupandisha kwenye mizani na kwenye malori. Kijana aliyekuwa akinyanyua vizuri mwezi wa kumi anaona mwezi wa kwanza mgongo haunyooki, anashangaa kwa nini, na ratiba yake ya jimu haikubadilika hata seti moja. Shamba ndilo lililobadilika.

Na pamba yenyewe ina likizo ya kisheria. Baada ya mavuno mkulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia ili wadudu wasipate pa kuishi mpaka msimu ujao. Mvuvi anazuiwa na mwezi, mkulima anazuiwa na sheria na ukame. Mnyanyua vyuma peke yake ndiye aliyeachiwa uhuru wote, na uhuru huo humgharimu.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba kinachomrudisha jimu siku ambayo angepaswa kulala mara nyingi ni hofu. Anaogopa kwamba akikosa wiki moja, vya miaka kumi vitayeyuka. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana mwenye nacho ameteseka kukipata, na asiyewahi kukipata hajui uchungu wa kukipoteza. Jibu zuri lilitoka Alabama mwaka 2011. Watafiti waliwafanyisha watu mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha wakawagawa: wengine waache kabisa, wengine wabaki na theluthi ya kazi ile, wengine na sehemu moja tu kati ya tisa. Wakafuatwa kwa wiki 32 nyingine. Vijana wa miaka 20 hadi 35 waliobakiwa na sehemu moja ya tisa, yaani kikao kimoja kidogo kwa wiki chenye uzito uleule, hawakupoteza misuli waliyoijenga, na nguvu yao ilibaki karibu yote. Miezi saba! Anayetetemeka kwa ajili ya siku saba angeweza kulitafakari hilo akiwa amelala chali. Kujenga ni ghali, kutunza ni rahisi, ilimradi uzito usishushwe sana pamoja na wingi.

Wazee waliokuwa katika utafiti huo, wenye miaka 60 hadi 75, walipata jibu tofauti kidogo. Nguvu walibaki nayo, ila misuli yao ilipungua hata kwa wale waliobaki na theluthi. Kwa hiyo mzoefu anayezeeka huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja: anahitaji muda mrefu zaidi wa kupona kuliko zamani, na anahitaji kazi nyingi zaidi ili asipoteze alichonacho. Njia yake ni nyembamba. Huyo hasaidiwi na anayemwambia kwamba umri umekwenda, aache. Anasaidiwa na anayekaa naye kuhesabu: vikao vingapi, vimeachanishwa vipi, na ni zoezi gani linalomuumiza bila kumlipa.

Kupona nako kuna malighafi, na Mara haijanyimwa. Watani mitaani husema mwili haujengwi kwa matofali, na hapo ziwani tofali la kweli ni dogo kuliko kidole. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Kopo la unga wa maziwa kutoka ng'ambo, lenye picha ya mtu aliyevimba, hugharimu fedha ambayo ingenunua dagaa wa kuitosha familia kwa muda mrefu, na msuli hauoni tofauti kubwa kati ya hivyo viwili. Yapo maziwa, ipo nyama ya ng'ombe ambayo mkoa huu haujui kusherehekea bila hiyo, upo ugali wa muhogo na mtama wa kurudisha nishati iliyotumika. Kinachokosekana mara nyingi ni usingizi. Homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi katika usingizi mzito, muda mfupi baada ya mtu kulala, na kijana anayekesha hadi saa nane usiku akitazama simu, kisha aamke saa kumi na mbili aende kazini, anajinyima saa ambazo mwili ungezitumia kupona. Lile pumziko la mbalamwezi kule mwaloni ni usingizi wa gizani, ndani, usiku kucha. Siku ya kutokwenda jimu iliyojaa mihangaiko na mkesha haiwi siku ya kupona.

Tena upo uchovu ambao hautokani na vyuma, na mwenye fahari ya mazoezi huchelewa kuutambua. Kanda ya Ziwa ina malaria, na kando ya maji kuna kichocho. Malaria hula damu, na damu ikipungua chuma cha jana kinakuwa mlima leo. Mzoefu anayeona nguvu zinashuka wiki mbili mfululizo bila sababu, pumzi inakata kwenye ngazi, mwili una joto, hana haja ya kubadili ratiba kabla hajapima. Na mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya kikao cha kujikomoa, pamoja na misuli iliyovimba na kuuma isivyo kawaida, huo ni msuli unaovunjika na kumwagikia kwenye figo. Hapo pa kwenda ni hospitali, usiku huohuo.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, wanaotegemea miili yao kwa mkate wa kila siku wamekwishalifanya pumziko kuwa sehemu ya kazi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, alizoea kufanya mazoezi yake mazito Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na amewahi kueleza kwamba hata siku hizo alikomea karibu asilimia 80 ya uwezo wake. Siku zilizobaki alikimbia polepole kiasi cha kumshangaza mgeni. Mchana, kambini Kaptagat, watu hulala. Julius Yego, mrusha mkuki ambaye nguvu zake zinafanana zaidi na za mnyanyua vyuma, alitupa mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Rio, mrusho wake wa kwanza ulifika mita 88.24; kifundo cha mguu kikamwumiza, akaondoka uwanjani kabla ya mirusho kwisha, na mrusho ule mmoja ukampa medali ya fedha. Nguvu yote ya miaka ilihitajika mara moja tu, na ilikuwapo. Anayeimaliza mazoezini hataikuta siku hiyo.

Butiama, mbele ya kaburi la Mwalimu pale Mwitongo, mtu anaweza kuliwaza jambo hili kwa upana mwingine, maana nguvu si ya mabega pekee. Oktoba 1967, akiwa na miaka 45, Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenda mkutano mkuu wa TANU, mwendo wa maili 138, sawa na kilomita kama 220. Ilikuwa ishara ya kuunga mkono Azimio, na nchi iliiona hivyo. Lakini hakuna anayetembea maili 138 kwa mkupuo. Safari ile ilikatwa vipande, ikawa na vituo, na kila jioni ilikuwa na mwisho wake. Kisha mwaka 1985, akiwa bado na nguvu za kutosha na hakuna aliyemsukuma, aling'atuka urais na kurudi kijijini kulima. Hakuweka chini kila kitu siku moja: uenyekiti wa chama aliendelea nao hadi mwaka 1990, Tume ya Kusini akaiongoza, na miaka yake ya mwisho aliitumia kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Alipunguza mzigo, uzito wa kazi ukabaki. Afrika ya wakati ule ilikuwa na viongozi wengi waliodhani kwamba kushika zaidi ndiko kuwa na nguvu zaidi, na wengi wao waliondolewa na mapinduzi au na kifo.

Kuna ugumu mahususi katika kuweka chini kitu ambacho bado unakiweza. Aliyeshindwa hupumzika bila kujadiliana na nafsi yake. Mzoefu anayekatiza kikao huku bado ana marudio mawili mfukoni, anayeacha jimu wiki ya nne wakati vyuma vinakwenda vizuri, hana wa kumpongeza. Wanaomtazama wataona mtu aliyefanya kidogo. Anahitaji kuamua mapema, siku akili imetulia, na kuliandika jambo hilo pale anapoandika seti zake, kwa sababu akisubiri mwili umwombe atakuwa amechelewa. Mwili uliozoea kuvumilia huomba baada ya kuumia. Wapo wanaoweka wiki nyepesi kila baada ya tatu au nne nzito, wakikata nusu ya seti na kuacha uzito karibu na ulivyokuwa. Mkulima wa Bunda anaweza kuiweka wiki hiyo wakati wa palizi, dereva wa bodaboda wakati wa sikukuu ambapo hashuki kwenye pikipiki. Kuli wa Mwigobero, ambaye magunia yake ya dagaa hupungua mwezi ukijaa, afanye kinyume: wiki hiyo ndiyo ya kunyanyua kwa bidii, kwa kuwa mgongo wake umepunguziwa kazi nyingine.

Kazi hiyo ya kuhesabu inahitaji watu. Jimu za Musoma na Bunda zina vijana wengi wanaojua kumshikia mtu chuma asizidiwe, na wachache wanaomuuliza mtu amelalaje, amekula nini, leo amebeba nini kabla ya kuja. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha. Linahitaji mwalimu mwenye uthubutu wa kumtazama mwanamke aliyetoka sokoni, au baba aliyepasua kokoto tangu asubuhi, ambaye amelipa ada yake na amekuja na kiu ya kazi, akamwambia: leo seti mbili, kisha nenda nyumbani, tukutane keshokutwa.